Ngozi ya mtoto aliye kwenye dawa za kushusha kinga: maswali ya wazazi na majibu yake

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto wenye magonjwa ya viungo na utumbo. Mara nyingi mzazi huanza kumvua mtoto shati kabla hata hajaketi: "Sista, hebu tazama hii." Kinachoonekana ni kipele, doa, kidonda, au kichwa kilichoanza kupukutika nywele. Na swali lililomnyima usingizi ni lilelile: je, ni dawa? Na kama ni dawa, niendelee kumpa?

Nimeyaandika hapa maswali ninayoyasikia zaidi. Majibu yatakusaidia kujua kipi kinaweza kusubiri kliniki na kipi cha kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Dozi na mpangilio wa dawa za mtoto wako anaujua daktari wake.

Hizi dawa za kushusha kinga ni zipi hasa?

Ya kwanza ambayo karibu kila familia inaijua ni prednisoloni, kidonge cha jamii ya steroidi. Zipo methotreksati, azathioprini na siklosporini. Zipo salfasalazini na hidroksiklorokwini, ambazo hutuliza kinga bila kuishusha sana. Halafu zipo za sindano zinazotengenezwa kwa teknolojia ya kibayolojia: etanasepti, adalimumabu, infliksimabu, tosilizumabu. Watoto hupewa kwa ajili ya yabisi ya viungo ya utotoni (ile inayoanza kabla ya kutimiza miaka 16 na kudumu angalau wiki 6), ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda (yote miwili ni ya utumbo), lupasi (inayoweza kushambulia ngozi, viungo na figo), soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa magamba mazito), na uvimbe wa ndani ya jicho.

Magonjwa haya yote yana asili moja. Kinga ya mtoto imegeuka na kumpiga mwenyewe, magoti yanavimba, utumbo unatoka vidonda, figo zinaumia. Dawa huishika kinga mkono isiendelee kupiga.

Ugonjwa uko kwenye magoti. Kwa nini ngozi ndiyo inayoharibika?

Kuna njia tatu, na ukizijua utaelewa karibu kila kitakachofuata.

Ya kwanza: seli za ngozi, mizizi ya nywele na utando wa ndani ya mdomo huzaliwa upya kila siku. Dawa inayopunguza kasi ya seli kugawanyika, kama methotreksati, hugusa kwanza hapo. Ya pili: ngozi ina walinzi wake wanaozuia fangasi, virusi na bakteria. Ukiwalaza walinzi, wageni wanaingia. Ya tatu ni ya ajabu kidogo: dawa inaizima njia moja ya kinga, na njia nyingine inapata nafasi ya kupanda juu kupita kiasi. Hivyo ndivyo mtoto anayetibiwa utumbo anavyoweza kutoka soriasisi ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Karatasi iliyo ndani ya boksi inasema "ngozi ikiwa nyekundu." Mwanangu ni mweusi. Nitajuaje?

Swali hili natamani liulizwe na kila mzazi, maana maelezo mengi ya dawa yameandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Nimeona mama akingoja wekundu usiokuja, huku mguu wa mtoto ukizidi kuvimba.

Kwenye ngozi nyeusi, sehemu inayowaka kwa ndani huwa ya zambarau, ya kijivu, au nyeusi kuliko ngozi ya jirani yake. Wakati mwingine huonekana kama kivuli tu. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja chako: pana joto kuliko upande wa pili? Bonyeza taratibu: pagumu, panauma, panang'aa kama ngozi iliyovutwa? Linganisha mguu na mguu, mkono na mkono, kwenye mwanga wa mchana karibu na mlango, si chini ya taa.

Vidoa vya damu iliyovilia chini ya ngozi ni vigumu zaidi kuviona. Vitafute mahali penye rangi hafifu: viganja, nyayo, ndani ya midomo, na ndani ya kope la chini ukilivuta kidogo. Bonyeza doa kwa ubavu wa glasi ya kioo. Lisipofifia, ni damu imetoka nje ya mishipa.

Jambo la mwisho hapa: kwetu, karibu kila kipele kikipona huacha alama nyeusi, au nyeupe, kwa miezi kadhaa. Alama hiyo si ugonjwa unaoendelea. Wazazi wengi huipaka dawa kali wakidhani kipele hakijaisha, na ile dawa ndiyo inayoleta tatizo jipya.

Ni dalili zipi nisizingojee hata asubuhi?

Homa pamoja na upele wowote mpya. Malengelenge au ngozi inayochubuka kama iliyomwagiwa maji moto, hasa kukiwa na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Hii inaweza kuwa athari kali ya dawa, na athari hiyo inaweza kuua. Vidoa vya damu visivyofifia kwenye glasi. Sehemu yenye joto na maumivu inayopanuka kwa saa. Chora mpaka wake kwa kalamu ya wino; uvimbe ukivuka mstari huo, ondokeni kwenda hospitali. Uso au midomo kuvimba na pumzi kubana baada ya sindano au dripu. Tetekuwanga au mkanda wa jeshi.

Na hili ulijue mapema: prednisoloni na tosilizumabu zinaweza kuficha homa. Mtoto anaweza kuwa na maambukizi makali huku kipimajoto kinaonyesha kawaida. Ukimwona amelegea, hataki kucheza, hataki kula, basi hali yake ndiyo ikuambie, si kipimajoto.

Uso wa mwanangu umekuwa mviringo, ana chunusi, na mapaja yana michirizi. Ni prednisoloni?

Ndiyo, kwa uwezekano mkubwa. Dawa za jamii hii zilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa yabisi mwaka 1948 huko Mayo Clinic, Marekani. Mama mmoja aliyekuwa hawezi kutembea akasimama na kutembea ndani ya siku chache, na mwaka 1950 wagunduzi wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini hawakuchukua muda kuziona nyuso za mviringo na chunusi. Tangu siku hizo madaktari wanajua: dawa hii inaokoa, na haitakiwi kukaa kwenye dozi kubwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana daktari huongeza methotreksati au sindano nyingine, ili prednisoloni ishuke.

Uso hurudi dozi ikishuka, ingawa huchukua wiki na miezi. Vinyweleo vilivyoota mashavuni na mgongoni hupukutika vyenyewe, usimnyoe uso. Chunusi za steroidi huwa ndogondogo zinazofanana, kifuani na mgongoni zaidi, na zinatibika. Zikiwasha sana, mwambie daktari, kwa sababu wakati mwingine ni fangasi wa vinyweleo wanaofanana na chunusi, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Michirizi siwezi kukuahidi itaondoka. Itafifia, itabaki kama mistari membamba. Hakuna mafuta yanayoifuta, hata yale ya bei kubwa. Ngozi pia huwa nyembamba na huvilia damu kwa kugongwa kidogo, na kidonda huchelewa kufunga, kwa hiyo mkwaruzo wa uwanjani uoshwe kwa maji safi na sabuni siku ileile.

Basi nimpunguzie dozi mwenyewe hadi ngozi itulie?

Hapana, tafadhali. Mtoto aliyetumia prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake zilizo juu ya figo zimelala. Mwili umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Ukikata dawa ghafla anaweza kutapika, kulegea, sukari ikashuka, akazimia, akafa. Hushushwa ngazi kwa ngazi, kwa karatasi ya daktari. Na akiwa anatapika dawa kwa ugonjwa mwingine, hiyo nayo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa nyingine hazina hatari hiyo ya ghafla, lakini zikiachwa ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa nguvu, na kuituliza mara ya pili huhitaji prednisoloni zaidi. Yaani unakimbia chunusi unaongeza chunusi. Nipigie, njoo, tuma picha kliniki. Sehemu kubwa ya matatizo ya ngozi hutibiwa dawa ikiendelea.

Anatumia methotreksati na ametoka vidonda mdomoni. Ni kawaida?

Kidonda kimoja kimoja hutokea, na nywele zinaweza kupungua kidogo bila kuisha. Asidi ya foliki hupunguza vidonda. Hakikisha anaipata jinsi daktari alivyopanga. Mswaki laini, maji ya chumvi ya kusukutua, chakula kisicho na pilipili wala ndimu.

Lakini vidonda vingi kwa mpigo vinanipa wasiwasi, na swali langu la kwanza huwa: anakunywa siku gani? Methotreksati ya magonjwa haya hutolewa mara moja kwa wiki. Asidi ya foliki inaweza kutolewa siku nyingi zaidi. Vidonge vyote viwili mara nyingi ni vidogo na vya manjano. Jikoni gizani, kwa bibi aliyeachiwa mtoto wiki nzima, kukosea ni rahisi sana, na methotreksati ya kila siku huchubua mdomo, hutoboa vidonda kwenye ngozi na kuangusha uboho unaotengeneza damu. Chagueni siku moja, muandike ukutani, mtu mmoja awe mwenye funguo. Ukigundua kosa limetokea, usingoje dalili. Ondoka na boksi mkononi.

Duka la dawa walimpa Septrin kwa majipu. Kuna shida?

Akiwa kwenye methotreksati, kuna shida kubwa. Septrin na methotreksati zote zinabana vitamini ya foleti, na Septrin huizuia methotreksati isitoke kwenye figo. Zikikutana, uboho unaweza kusimama. Dalili ni vidonda mdomoni, homa na vidoa vya damu. Tahadhari hiyohiyo iwe kwa SP, ile ya malaria, kwa kuwa nayo inagusa foleti. Na kuna vidonge vya fangasi vya ketokonazo ambavyo bado huuzwa kirahisi: vinaumiza ini, na methotreksati tayari inalichosha ini. Kwa mtoto aliye kwenye siklosporini, vidonge hivyo huipandisha siklosporini kwenye damu.

Mtoto abebe kadi yenye majina ya dawa zake. Muuzaji dukani hawezi kukwepa asichokijua.

Kichwani kuna magamba na nywele zinakatika. Ni mapunye tu, sivyo?

Huenda. Mapunye, au mashilingi kama wanavyosema wengi Kenya, ni ya kawaida kwa watoto wa shule, na kwa mtoto aliyeshushwa kinga huenea haraka. Utaona duara lenye magamba, nywele zimekatikia usawa wa ngozi zikaacha vidoa vyeusi, na mara nyingi tezi nyuma ya shingo zimevimba. Krimu haitoshi, kwa sababu fangasi yuko ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini, iliyoagizwa na daktari, kwa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri.

Ila kwa mtoto anayepata infliksimabu, adalimumabu au etanasepti, usiseme "mapunye" haraka. Dawa hizi huzuia kemikali iitwayo TNF, inayowasha moto wa uvimbe. TNF pia huwa inaizuia kemikali nyingine, interferoni, isipite kiasi. TNF ikifungwa, kwa watoto wachache interferoni hupanda na ngozi inatoka soriasisi, ugonjwa uleule ambao dawa hizi zinautibu kwa watu wengine! Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kuhusu soriasisi mpya kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili.

Soriasisi hii hupenda kichwa. Hupenda pia nyuma ya masikio, viganja, nyayo, kitovu na mikunjo ya mapaja. Magamba ni mazito, kwenye ngozi yetu yana rangi ya kijivu juu ya msingi wa zambarau, na hutoka nje ya mstari wa nywele hadi kwenye paji la uso. Inaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya sindano ya kwanza, na ndiyo maana watu hawaihusishi na dawa. Nywele zinaweza kuanguka, na kichwa kikicheleweshwa zinaweza kukosa kuota tena vizuri.

Jibu linapatikana kwa daktari kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwenye hadubini. Ni kipimo cha dakika chache. Kama ni soriasisi, watoto wengi hupona kwa mafuta ya kupaka sindano ikiendelea. Ikiwa kali, daktari hubadilisha kwenda kundi lingine la dawa. Ninachoomba ni kwamba mtoto wa namna hii asianzishiwe matibabu ya mapunye kwa kukisia, halafu yasipofanya kazi aongezewe, na kuongezewa.

Ukimpeleka kwa kinyozi, beba mashine yenu au simamia ile yake isafishwe kwa spiriti mbele yako. Shule zinazotaka nywele fupi zinamlazimu mtoto kukutana na mashine hiyo kila mwezi.

Sindano ya kila wiki inavimba alipochomwa. Niiache?

Uvimbe wenye joto na mwasho pale sindano ilipoingia ni jambo la kawaida kwa etanasepti, zaidi katika mwezi wa kwanza. Hukaa siku tatu hadi tano, kisha kadiri wiki zinavyopita hupungua. Toa dawa kwenye friji dakika 15 hadi 30 kabla ya kuchoma, maana dawa ya baridi inauma zaidi. Badilisha mahali kila mara, paja hili, paja lile, tumbo mbali na kitovu. Usichome penye kovu, damu iliyovilia au kipele. Usisugue baadaye, weka kitambaa chenye maji baridi. Dawa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo umeme ukikatika kwa muda mrefu piga simu kliniki kabla ya kuitumia.

Uvimbe unaoenea mbali na sindano, au vipele mwili mzima, au kukohoa na kubanwa kifua: hiyo si kawaida.

Kuna tetekuwanga darasani kwake. Nifanye nini?

Piga simu leo, hata kama mtoto mzima kabisa. Mwenye tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele hadi vyote viwe vimekauka, na vipele vya aliyeambukizwa hutoka kati ya siku 10 na 21. Katikati hapo kuna nafasi ya kumpa kinga ya sindano au vidonge vya asiklovia (dawa ya virusi), na kila kimoja kina siku zake. Ukija mwezi ujao nafasi imepita. Vipele vikishatoka, asiklovia inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 24. Daktari ataamua dawa gani za kushusha kinga zisimame kwa muda. Prednisoloni haisimamishwi nyumbani.

Hapa linaingia suala la chanjo. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela, tetekuwanga na homa ya manjano, kwa kawaida hazipewi mtoto aliyeshushwa kinga sana. Kwa hiyo angalia kadi yake mapema, kabla dawa hazijaanza. Ndugu zake nyumbani wapate za kwao kwa wakati, surua na rubela miezi 9 na 18, kwa sababu wao ndio ukuta wake. Ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya bure Tanzania wala Kenya, lakini uliza, huenda ndugu wakaweza kuipata kwa kulipia.

Na upele, chunjua na utando mweupe mdomoni?

Vyote hutokea zaidi na hukaa zaidi. Utando mweupe unaotoka damu ukiukwangua ni fangasi. Unatibika kwa dawa ya matone. Chunjua na vile vipele vidogo vinavyong'aa vyenye kishimo katikati ni virusi. Usivikate kwa wembe. Upele unaowasha usiku hutibiwa nyumba nzima siku moja, na nguo na shuka zifuliwe. Kwa mtoto huyu unaweza kugeuka maganda mazito yenye wadudu maelfu na mwasho mdogo tu, hivyo kutokuwashwa kusikudanganye. Funza watolewe kwa sindano safi kituoni, na mtoto avae viatu.

Wakati wa mvua kuna mdudu mdogo mwekundu na mweusi ambaye Wakenya humwita Nairobi fly. Akipondwa kwenye ngozi anaacha mstari wa malengelenge unaofanana sana na mkanda wa jeshi. Mpeperushe kwa pumzi, usimpige. Ukiwa na shaka, mchukulie mtoto kuwa ana mkanda wa jeshi hadi daktari aseme vingine.

Mtoto mweusi anahitaji kukingwa na jua kweli?

Aliye kwenye azathioprini anahitaji. Mabaki ya dawa huingia kwenye vinasaba vya seli za ngozi na kuvifanya vinyonye miale ya urujuanimno inayopita hata kwenye kioo cha dirisha la gari. Methotreksati na salfasalazini nazo zinaweza kuifanya ngozi iungue haraka. Mtoto mwenye lupasi, jua lenyewe linaweza kuuamsha ugonjwa. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inapunguza hatari, haiondoi.

Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Krimu ya jua iliyoandikwa SPF 30 au zaidi ni nzuri kwa anayeimudu, lakini nguo ndiyo kwanza. Zungumza na mwalimu ili gwaride asimamie chini ya mti.

Mtoto mwenye ualbino anayehitaji azathioprini ni suala la peke yake. Mwambie daktari afikirie dawa nyingine ikiwezekana, na awe anatazamwa na mtaalamu wa ngozi mara kwa mara. Moshi, kwenye chuo cha wataalamu wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya jua mahsusi kwa watu wenye ualbino. Chuo hicho kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, hivyo huenda hata kwenye mkoa wako yupo mmoja aliyesoma hapo.

Bibi anasema hidroksiklorokwini ni ileile klorokwini iliyokuwa inawasha. Ni kweli?

Bibi ana kumbukumbu nzuri. Kabla Tanzania haijaacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 2001, watu wengi walijikuna usiku kucha, na mwasho ule huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Hidroksiklorokwini ni ndugu yake; inaweza kuwasha, ila kwa kiasi kidogo. Baada ya matumizi ya muda mrefu inaweza pia kuacha madoa ya kijivu miguuni au kwenye fizi. Mwasho usioisha ulete kliniki. Kwa mtoto mwenye lupasi dawa hii inalinda sana figo na maisha yake, na si ya kuachwa kwa sababu ya kujikuna bila kwanza kutafuta njia.

Naweza kumpaka krimu ya dukani madoa yaondoke?

Krimu nyingi zinazouzwa kama "za kuondoa madoa" zina steroidi kali ndani yake, nyingine zina hidrokwinoni au zebaki. Mtoto anayemeza steroidi anapakwa steroidi nyingine: ngozi inazidi kuwa nyembamba, na fangasi aliyekuwa duara dogo anatanda bila umbo, kiasi kwamba hata daktari anashindwa kumtambua fangasi huyo. Mama anayetumia mkorogo ajue pia kwamba huhamia kwa mtoto anayembeba. Nasema hivi kwa upendo, najua shinikizo lililopo. Madoa yanafifia kwa muda, mafuta ya kawaida yasiyo na harufu, na kuepuka jua.

Ni Idi wiki ijayo. Binti anataka hina.

Hina ya majani, ile inayotoka rangi ya kahawia nyekundu, wengi huivumilia. Isipokuwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambaye hina inaweza kumvunjia chembe hizo. Piko nyeusi ikatae. Ina kemikali ya rangi ya nywele ambayo huwachubua hata watoto wazima kiafya, malengelenge yakifuata ua lilivyochorwa, na kwa mtoto huyu kila lengelenge ni mlango wa bakteria.

Dawa hizi zinaleta saratani ya ngozi?

Azathioprini ikitumika kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani za ngozi, hasa kwa watu weupe na wenye ualbino. Kwa mtoto mweusi hatari ni ndogo. Kidonda kisichopona kwa mwezi, au doa jipya linalokua kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, lionyeshe.

Binti yangu ana miaka 14. Nimekuta vidonge chini ya godoro. Anasema shuleni wanamwita "Mashavu."

Usimpige, na usianze na somo la dawa. Anza na jina hilo. Mwache aseme nani analisema, lini, na anavyojisikia. Kisha mlete, na utuachie dakika kumi naye peke yake. Binti wa miaka 14 hatasema mbele ya mama kwamba michirizi iko kwenye matiti.

Kabla ya yote nipigie na kuniambia ni vidonge vingapi vilivyo chini ya godoro na vya siku zipi. Kama ni prednisoloni, leo tunahitaji kumwona, hata akionekana mzima. Daktari akijua kwamba uso ndio unaomfanya aache dawa, anaweza kuharakisha njia ya kushusha steroidi, na chunusi zina matibabu yanayoanza kuonekana ndani ya wiki chache. Leta picha yake ya kabla ya ugonjwa na ya mwezi uliopita. Huwa naziweka pamoja na za kila ziara inayofuata kwenye simu yake mwenyewe, ili auone uso wake ukirudi.